Keki ya Arusi Isiyoleta Deni



Kitabu cha Ndoa cha parokia kina nafasi ya majina ya Bwana arusi na Bibi arusi, majina ya mashahidi, jina la Padre aliyepokea ahadi zao, mahali na tarehe. Hakina nafasi ya keki. Basi yafaa tukumbuke tangu mwanzo ya kuwa aliyeoa bila keki ameoa kweli, na aliyeoa kwa keki ya ghorofa saba hakuoa zaidi ya mwenzake.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika. Naandika majina ya wachumba yapate kutangazwa kanisani, na mara nyingine, kabla wino haujakauka, vijana hurudi na kusema: "Karani, tuahirishie kidogo, michango haijatosha." Miezi yapita. Wengine huanza kukaa pamoja wakingoja fedha, mtoto azaliwa, na Komunyo hawapokei. Ukiwauliza wangoja nini, huanza kuhesabu kwa vidole: ukumbi, muziki, nguo, gari, chakula, keki. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho Kanisa lakidai. Wengine hufunga ndoa kwa wakati, lakini kwa fedha za kukopa, na mwaka wa kwanza wa nyumba yao wautumia kuwakwepa wenye kuwadai.

Leo sitasema habari za vyote hivyo, kwani gazeti halitoshi. Nasema habari ya keki tu. Nimeichagua keki kwa sababu ndiyo kitu ambacho gharama yake yaweza kupunguzwa sana pasipo mgeni hata mmoja kukosa kipande chake.

Desturi hii ilitufikia pamoja na Wazungu, nao wenyewe walijifunza fahari ya keki kutoka kwa wafalme wao. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa ratili 300 hivi. Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia baadaye, aliolewa tarehe 20 Novemba 1947, na keki yake ilikuwa na kimo cha futi 9 na uzito wa ratili 500. Wakati ule sukari ilikuwa bado ya mgao katika Uingereza, na baadhi ya vitu vya kuipikia keki hiyo vilikuwa zawadi zilizotoka Australia. Basi ukiona keki ndefu katika picha, ujue ya kuwa mfano wake ulitoka katika nyumba ya mfalme. Sisi tulio na shamba la ekari mbili twajaribu kuufuata.

Lakini watu wa kawaida wa Uingereza walifanyaje siku za vita? Habari hii yanifurahisha sana. Mwaka 1940 serikali yao ilikataza kupaka aisingi juu ya keki, yaani ile sukari nyeupe ya urembo. Mayai na siagi navyo vilikuwa haba. Basi waoka mikate walitengeneza vifuniko vya karatasi ngumu vilivyopambwa kama keki kubwa nyeupe, wakaviazimisha kwa malipo. Chini ya kifuniko palikuwa na keki ndogo tu. Kifuniko kiliwekwa mezani kikapigwa picha, kisha kikaondolewa, na ile keki ndogo ikakatwa. Watu wale waliishi na ndoa zao miaka mingi, na picha zao za arusi zingali ukutani kwa wajukuu.

Sasa tuje kwetu. Nataka tufanye hesabu kidogo, maana niliyojifunza chuo cha ualimu siwezi kuyaacha yaote kutu. Chukua keki ya mviringo ya ghorofa tatu: ya chini yenye upana wa sentimeta 30, ya katikati 25, na ya juu 20. Ni keki nzuri ya kutazama, na fundi wa mjini hataitoa kwa bei ndogo. Uso wa ghorofa zote tatu pamoja hautimizi sentimeta za mraba 1,550. Kipande cha arusi cha kawaida ni cha sentimeta 2 na nusu kwa 5. Gawanya, nawe utapata vipande 120 hivi, na hapo mkataji awe hodari, asipoteze kitu pembeni. Nasi vijijini twaalika watu 300 au 400, na wasioalikwa waja pia, kwani arusi ya kijiji haina mlango.

Kwa hiyo keki ile ya bei kubwa haiwatoshi watu. Meza ya mbele wapata vipande vya kiungwana, katikati ya ukumbi wapata makombo juu ya kijiti, na walioketi nyuma waona sahani ikirudi tupu. Fedha imekwisha, na wageni hawakula keki.

Dawa yake ni kuigawa kazi ya keki sehemu mbili. Keki moja ndogo iwe ya mezani, ipambwe vizuri, ndiyo Bwana na Bibi arusi waikate na kulishana mbele ya watu. Keki za kuliwa na wageni ziokwe jikoni katika mabati ya pembe nne, bila urembo wowote, zikatwe huko huko na kuletwa zikiwa vipande tayari. Hakuna mgeni anayepata hasara. Ladha ni ile ile kama unga ni ule ule. Kilichopungua ni malipo ya mikono ya fundi, sukari ya urembo, nguzo za ghorofa, na nauli ya kuleta mnara kutoka mjini.

Tena bati la pembe nne lina faida yake. Sufuria ya mviringo yenye upana wa sentimeta 30 ina uso wa sentimeta za mraba 707 hivi, lakini bati la mraba la upana huo huo lina 900. Na vipande vya pembe nne hukatwa kwa mistari iliyonyoka, hakuna kinachopotea. Bati la sentimeta 30 kwa 40 latoa vipande 96 vya kipimo kile nilichotaja. Mabati matano yatoa 480. Kwa wageni 400 umebakiwa na vipande 80 vya watoto, wapishi, na wale waliokuja bila kadi.

Bati moja la namna hiyo lataka unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 600, siagi ya kopo nusu kilo, mayai 10, maziwa kama nusu lita, unga wa kuumulia keki (ule wa kopo, si hamira ya maandazi) vijiko vidogo 10 vilivyosawazishwa, chumvi kidogo, na iliki iliyotwangwa au ganda la limau lililoparuzwa. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, basi weka 12. Kwa mabati matano nunua unga kilo 5, sukari kilo 3, siagi kilo 2 na nusu, maziwa lita 2 na nusu, na mayai trei mbili. Trei mbili ni mayai 60. Yale 10 yanayozidi ndiyo ya keki ndogo ya mezani, nayo utaiongezea unga, sukari na siagi ya kipimo chake. Andika bei za dukani kwako mbele ya kila kitu, ujumlishe, kisha uulize bei ya keki za mjini zinazoweza kuwatosha watu 400. Ziweke hesabu hizo mbili mbele ya kamati, nawe hutahitaji kutoa hotuba.

Kuoka si kazi ya ajabu. Sukari na siagi vipigwe pamoja mpaka viwe laini na rangi igeuke kuwa nyeupe kidogo. Hapa ndipo penye kazi ya mkono, nao vijana wenye nguvu wasaidie badala ya kukaa wakingoja kuonja. Mayai yatiwe moja moja, na kila yai livunjwe kwanza katika kikombe, maana yai moja viza laharibu bakuli zima. Unga uchekechwe pamoja na ule wa kuumulia, kisha utiwe kwa zamu na maziwa. Ukishatia unga usikoroge sana, keki itakuwa ngumu kama mkate wa juzi. Na kabla ya yote, jaribu unga wa kuumulia: tia kijiko kimoja katika maji ya moto. Ukitoa mapovu kwa nguvu, ni mzima. Ukilala kimya, mrudishie mwenye duka.

Wenye tanuri la mikate karibu, au jirani na Masista walio na jiko la kuokea, wafanye adabu ya kuomba mapema. Wasio nalo watumie sufuria. Weka mchanga mkavu katika sufuria kubwa, kimo cha vidole viwili, uupashe moto. Tia ndani yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Makaa ya chini yakizidi, keki yaungua kitako kabla ya kuiva juu. Baada ya dakika 45 hivi choma kijiti safi katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Sufuria ya mviringo ya sentimeta 30 yapokea nusu ya kipimo cha bati moja. Kwa hiyo badala ya mabati 5 utaoka sufuria 10, na ingawa pembeni pa duara pana hasara, vipande 400 na zaidi vitapatikana.

Sufuria kumi zaonekana nyingi kwa mama mmoja, nazo ni nyingi kweli. Lakini parokiani tuna jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya tano zikichukua sufuria mbili mbili, kazi imekwisha kabla ya jua kuchwa. Mchango wa namna hii hata maskini hauogopi, maana atoa mikono yake na makaa yake. Ila neno moja nalisisitiza: vitu vyote vinunuliwe na kupimwa mahali pamoja kwa mizani moja, kila jumuiya ipewe mfuko wake uliokwisha pimwa. Mkiacha kila nyumba ipime kwa kikombe chake, mtapata keki za rangi tano na ladha tano. Na wiki mbili kabla ya arusi okeni sufuria moja ya kujaribia. Msingoje siku yenyewe kujua kwamba makaa yalikuwa mengi.

Juu ya keki ndogo ya mezani yafaa nieleze jambo la urembo. Aisingi ya siagi ni tamu, lakini chini ya turubai au bati saa nane mchana huyeyuka na kuteremka kama tope. Njia rahisi ni sukari laini ya unga, nusu kilo, maji ya limau na maji ya moto kidogo kidogo kwa kijiko, mpaka iwe nzito ya kupakika, ikikauka hushika. Wengine hutumia ute mbichi wa mayai, na hiyo huwa ngumu sana, yafaa kwa safari. Lakini waganga hutuonya juu ya mayai mabichi, hasa kwa wajawazito, wazee na watoto. Ukitaka maua, weka ya waridi kuizunguka sahani, yasichomekwe ndani ya keki, kwani yako maua ya bustani yenye sumu ambayo macho hayawezi kuyatambua.

Mjini wako wanaoazimisha keki ya bandia, ghorofa nne za povu gumu zilizopakwa nyeupe, na ghorofa moja tu ya kweli ya kukatwa. Watu huniuliza kama huo si uongo. Mimi sioni dhambi, maana mgeni hakuuziwa kitu. Lakini nasema wazi kwamba siipendi. Ukilipa fedha ili mgeni atazame kitu kisicholiwa, afadhali fedha hiyo uiongeze katika mchele.

Sasa tuje kwa mashangazi. Katika kikao kimoja cha arusi nilichoandikia kumbukumbu, mweka hazina alieleza shauri la keki ndogo na keki za jikoni. Shangazi wa Bibi arusi akainuka:

"Mwanangu, wakwe watasema nini? Watasema tumemtoa binti yetu kama yatima."

Kijana akajibu kwa heshima: "Shangazi, wakwe wanakuja watu 60 kutoka mbali. Wakikosa keki ndipo watakaposema. Hii itawafikia wote, na ya wazee tutaitenga kwanza."

Shangazi akafikiri. "Na nani ataoka?"

"Twakuomba wewe uwasimamie, Shangazi."

Hapo shauri likapita. Nami simcheki shangazi yule hata kidogo. Aibu ya kupungukiwa mbele ya wageni ni aibu ya kweli. Hata katika arusi ya Kana ya Galilaya divai iliwaishia, naye Mama Maria hakusema ni jambo dogo, alimwendea Mwanawe. Ndiyo sababu nawasihi kamati wahesabu vichwa kwanza na ghorofa baadaye.

Mahali pengine fedha nyingi zinapopotelea ni keki za zawadi. Siku hizi kila upande wapelekewa keki yao: wazazi wa Bwana arusi, wazazi wa Bibi arusi, wasimamizi, babu na bibi, hata kamati. Nimeona meza yenye keki saba, moja ya kukatwa na sita za kupeleka. Heshima kwa wazazi ni jambo jema, wala sitaki liondoke. Lakini heshima haikai katika duara zima. Kata kipande kikubwa cha upana wa kiganja kutoka katika bati, kifunge katika karatasi safi, kitie katika sahani nzuri yenye kitambaa, na maarusi wakipeleke kwa mikono miwili wakipiga magoti. Mzee hatauliza kilikatwa wapi.

Tena si lazima kitu kinachokatwa kiwe keki. Kule Kilimanjaro waleta ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa kwa majani, akiingizwa kwa nyimbo na shangwe, na maarusi wamkata kama wengine wakatavyo keki. Mbuzi si bei rahisi, najua, lakini nyama yake yaliwa yote, tena pengine alikuwa zizini tayari. Watu wa pwani wana mkate wa kumimina, wa mchele, tui na iliki, unaopikwa kwa moto chini na makaa juu. Hauhitaji siagi ya kopo hata kijiko. Arusi inayofungwa asubuhi na kufuatiwa na chai, maandazi na kipande cha mkate huo ni arusi yenye heshima. Na katika parokia ambapo jozi kumi wafunga ndoa katika Misa moja, sioni sababu ya keki kumi. Moja ndogo ya mezani, mabati ya jikoni, na kila jozi wapate zamu yao ya kulishana.

Ratiba ya kazi ni hii. Keki zisizo na urembo ziokwe siku moja kabla ya arusi, si siku ile ile, kwa sababu keki ya moto huvunjika ikikatwa. Ziachwe zipoe kabisa, zifunikwe kwa vitambaa safi vikavu, mbali na sisimizi. Miguu ya meza iwekwe katika vikopo vya maji. Asubuhi ya arusi, watu wanapokwenda Misa, mama wawili waliohudhuria Misa ya kwanza wabaki wakate. Kisu kirefu kitiwe katika maji ya moto na kufutwa kila baada ya mistari michache, na rula ya mtoto wa shule iwekwe juu ya keki, maana jicho hudanganya na vipande vya mwisho huwa vinene. Vipande vya pembeni vilivyoungua kidogo wapewe watoto wanaozunguka jikoni, wao hawana ubaguzi. Vilivyobaki vipangwe katika masinia, vihesabiwe, vifunikwe.

Na wagawaji waanze kugawa kwa walioketi nyuma.